Tahadhari kwa Madereva wa Malori: Gesi ya Kupikia Isiingie Kwenye Kiyoyozi

Kama unaendesha lori la zamani ambalo kiyoyozi chake kilijazwa gesi hivi karibuni, na hujui fundi aliitoa kwenye mtungi gani, usilale ndani yake usiku wa leo ukiwa umefunga vioo. Usivute sigara humo. Usiwashe jiko dogo la gesi kuchemsha chai, hata kama nje kuna mvua. Soma kwanza.

Wapo mafundi wanaojaza viyoyozi vya magari kwa gesi ya kupikia, ile ile ya mtungi wa nyumbani. Wanaunga mpira, wanafungua valvu, na baada ya dakika chache kebini inaanza kupoa. Dereva anafurahi, tajiri anafurahi kwa sababu bei ni ya chini, na gari linaondoka. Hapa ndipo ugumu wa kuwaonya watu ulipo: gesi hii inapoza kweli. Propani na butani ni vipozeo vizuri, na friji nyingi mpya za nyumbani hutumia isobutani, inayoitwa R-600a. Fundi atakuuliza kwa kujiamini kabisa, mbona friji ya nyumbani kwako hailipuki?

Jibu liko kwenye jinsi vitu hivi viwili vilivyotengenezwa. Friji ya nyumbani hubeba gesi kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 150, kwenye mabomba yaliyochomelewa mwanzo hadi mwisho. Imesimama pembeni ya ukuta, haitikisiki, na vifaa vyake vya umeme vimepangwa kwa kujua kwamba gesi iliyomo inawaka. Kiyoyozi cha lori kina mipira, kina oringi kwenye kila kiungo, na kompresa yake inazungushwa na mkanda kupitia shafti yenye sili ambayo siku zote huvuja kidogo. Ongeza hapo mashimo na matuta ya safari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, au Mombasa hadi Malaba, kwa gari lenye umri wa miaka 30. Kuvuja ni jambo la lazima, kinachobaki ni lini na wapi.

Na mahali pabaya kuliko pote ni nyuma ya dashibodi. Huko ndiko ziliko koili za baridi ambazo feni hupuliza hewa kupitia kwazo. Zikitoboka, gesi yote inaishia kebini. Pembeni yazo kuna mota ya feni yenye brashi za kaboni zinazotoa cheche kila inapozunguka. Kuna kizuizi cha umeme cha kubadilisha kasi ya feni, ambacho hupata moto mkali. Kuna rilei, kuna swichi, kuna kiwashio cha sigara. Yaani gesi inavujia mahali penye cheche tayari.

Tupige hesabu. Gesi ya kupikia huanza kuweza kuwaka inapofika takriban asilimia 2 ya hewa. Kebini ya lori yenye kitanda ina nafasi ya mita za ujazo 6 hivi. Asilimia 2 ya hapo ni lita 120 za gesi, na lita 120 za gesi ya kupikia zina uzito wa gramu 220 hadi 250. Kiyoyozi kinachotakiwa gramu 800 za R-134a, gesi halali ya kiyoyozi cha gari, kikijazwa gesi ya kupikia hubeba gramu 300 na zaidi. Kilichomo kwenye mfumo kinatosha, basi, kuigeuza kebini nzima kuwa bomu. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa. Inatuama sakafuni, chini ya kitanda na kwenye miguu ya dereva, kwa hiyo hatari huanza pale chini kabla gesi haijaenea kote. Fikiria sasa foleni ya mpakani: injini imezimwa usiku, vioo vimefungwa kwa sababu ya mbu na wezi, dereva amelala, utingo anaamka saa kumi na moja alfajiri na kuwasha kiberiti.

Marekani hawakusubiri mjadala huu umalizike. Tangu miaka ya 1990 mamlaka yao ya mazingira ilikataza kuweka gesi zinazowaka badala ya R-12, gesi ya zamani ya viyoyozi, kwenye viyoyozi vya magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya R-12.

Na R-12 ndiyo chanzo cha tatizo lote hili. Malori yaliyotengenezwa Japani na Ulaya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalikuja na gesi hiyo. Iligundulika kuwa inaharibu tabaka la ozoni, ikasainiwa Itifaki ya Montreal mwaka 1987, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana nayo. Malori hayakustaafu mwaka huo. Yapo barabarani hadi leo, yanabeba saruji na mahindi, na gesi yake haipo tena dukani. Anayekuambia ameipata R-12 halisi kwa bei poa, mtilie shaka.

Njia halali ni kuubadilisha mfumo utumie R-134a, na ni kazi kweli. Mafuta ya kompresa ya zamani hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo lazima yatolewe na kuwekwa mengine yanayokubaliana nayo. Draya, yaani chujio la unyevu, inabadilishwa, oringi zinabadilishwa, na midomo ya kujazia inawekwa ya aina mpya ili mtu mwingine asije akakosea. Kisha mfumo unavutwa kwa pampu ya vakyumu mpaka hewa na unyevu vitoke, ndipo gesi inaingizwa kwa kupimwa kwenye mizani. Fundi anayekutajia gharama ya kazi yote hii hakuibii. Mwenye kukufanyia kwa bei ya soda ndiye wa kumwogopa.

Usidanganyike pia na mtungi mzuri wa rangi ya samawati ulioandikwa R-134a. Mwaka 2011 makontena ya friji, yale yanayobeba samaki na matunda baharini, yalianza kulipuka yakiwa mikononi mwa mafundi. Watu watatu walikufa, Vietnam na Brazil. Uchunguzi ulionyesha kuwa makontena hayo yaliwahi kujazwa gesi bandia iliyouzwa kwa jina la R-134a, na ndani yake mlikuwa na R-40, yaani kloridi ya methili. R-40 ina sumu na inawaka, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba inakula aluminiamu. Ikikutana na aluminiamu ndani ya kompresa hutengeneza kitu kinachowaka chenyewe mara kinapoguswa na hewa, bila kiberiti wala cheche. Fundi analegeza nati, hewa inaingia, mfumo unalipuka. Mamia ya makontena yalitengwa bandarini watu wakiogopa kuyagusa. Gesi ya aina hiyo imewahi kukutwa pia kwenye viyoyozi vya magari, na kompresa na kondensa za magari zina aluminiamu tele.

Rangi ya mtungi si ushahidi, na geji nayo haitoshi. R-134a safi, mtungi ukiwa umetulia kwenye joto la nyuzi 30, husoma PSI 97 hivi. Ukiona namba iliyo mbali na hapo, ukatae mtungi huo. Lakini namba ikikubali usishangilie, kwa sababu wachakachuaji huchanganya gesi kadhaa mpaka presha ifanane, na gesi ya kupikia yenyewe, kutegemea kiasi cha butani kilichomo, inaweza kukaribia namba hiyo hiyo. Kinachotoa jibu ni mashine ya kutambua gesi, ambayo gereji kubwa za AC zinayo. Ulizia gereji yenye mashine hiyo kabla hujaulizia bei.

Kuna wanaojaza R-22, gesi ya viyoyozi vya zamani vya majumbani, kwa kuwa wanayo mkononi. Hiyo haiwaki kirahisi, ila presha yake si ya gari. Kondensa ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida kabisa lori likipanda mlima mchana, R-134a inakuwa na presha ya baa 17 hivi, R-22 inafika 24. Mipira ya miaka mingi haikutengenezwa kwa hilo.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba malori mengi yanayopelekwa kujazwa gesi hayana upungufu wa gesi hata kidogo. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama dizeli. Inazunguka ndani kwa ndani miaka na miaka, na ikipungua kwa haraka maana yake pametoboka, pakatafutwe. Dereva anayesema “niongezee gesi” kabla hajachungulia kitu kingine anamfungulia mlango fundi wa mtungi wa jikoni. Kwa hiyo kabla ya gereji, kagua mwenyewe.

Washa injini, washa AC, sikiliza kompresa. Klachi yake inapokamata hutoa mlio mfupi, “tak”, na ule uso wa mbele unaanza kuzunguka pamoja na puli. Kama haikamati, tatizo linaweza kuwa fyuzi, rilei, waya uliolika au swichi ya presha. Hapa kwenye malori ya zamani kuna kosa la kizembe ambalo hurudiwa mno: lori lina umeme wa volti 24, mtu ananunua kompresa ya gari dogo yenye koili ya volti 12 na kuifunga hivyo hivyo. Koili hiyo inapata joto mara nne ya lile ililotengenezewa. Ikiungua, wengine huona kiyoyozi kimekufa, wanakwenda kuongeza gesi.

Kompresa ikizunguka na bado hakuna baridi, nenda mbele ya rejeta ukaangalie kondensa. Wadudu, vumbi la barabara ya changarawe, manyoya ya kuku, mfuko wa nailoni: vyote huziba njia ya hewa. Chukua ndoo ya maji, mwagia kondensa taratibu injini ikiwa sailensa, mikono na nguo zikiwa mbali na feni. Kebini ikianza kupoa, gesi unayo. Unachokosa ni hewa ya kupitisha joto, basi safisha kondensa au angalia feni ya rejeta kama imechoka. Dalili nyingine ya ugonjwa huo huo ni kiyoyozi kinachopoza lori likiwa kasi na kuacha kupoza likisimama kwenye foleni.

Kisha shika mipira miwili ya hita inayoingia kebini kutoka kwenye injini, kwa uangalifu isikuunguze. Kama umezima hita na yote miwili bado ni ya moto, valvu ya hita haifungi. Maji ya moto yanapita nyuma ya dashibodi na kuipasha upya hewa ambayo kiyoyozi kimeipoza. Ungejaza gesi ya dunia nzima isingesaidia. Valvu hiyo ni kifaa kidogo, na wakati mwingine ni waya wake tu umekatika.

Mwisho angalia viungo. Palipovuja gesi huacha doa la mafuta lenye vumbi lililoganda, kwa kuwa mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Paka povu la sabuni uone. Hiyo inatosha kwa dereva. Geji mwachie fundi, lakini simama naye na umuulize anasoma nini. Presha ndogo pande zote mbili ni upungufu wa gesi. Kubwa pande zote mbili ni kujaza kupita kiasi, hewa ndani ya mfumo, au kondensa chafu. Upande wa presha ndogo ukisoma juu na wa presha kubwa ukisoma chini, kompresa imechoka. Upande wa presha ndogo ukishuka kuelekea sifuri, kuna kuziba, mara nyingi kwenye draya au valvu ya kutanulia gesi. Fundi asiyeweza kukueleza hayo kwa maneno yake mwenyewe asiguse lori lako.

Yapo mambo matatu ambayo ukimwona fundi anayafanya, mwambie aache hapo hapo, hata kama ni mtu wako wa siku nyingi. La kwanza ni kupima uvujaji kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka; kazi hiyo ni ya naitrojeni kavu. La pili ni kuunga waya moja kwa moja ili kuiruka swichi ya presha. Swichi hiyo inazima kompresa gesi ikiisha kwa sababu bila gesi mafuta hayazunguki. Ukiiruka, kompresa inazunguka kavu mpaka inakwama na kukata mkanda, na kwenye baadhi ya malori mkanda huo huo ndio unaoendesha alteneta au pampu ya maji. La tatu ni kutafuta uvujaji kwa moto. Wazee wa kazi walikuwa na taa maalumu ambayo mwali wake uligeuka kijani ukikutana na R-12. Kwa R-134a taa hiyo haioni kitu. Kwa mfumo uliojazwa gesi ya kupikia, nadhani sihitaji kueleza.

Na makopo madogo ya kujazia: yaungwe upande wa presha ndogo tu. Ukiyaunga upande wa presha kubwa kompresa ikiwa inazunguka, gesi inarudi kwenye kopo na kopo linapasuka mkononi. Miwani ya kukinga macho ni lazima, maana tone la gesi iliyo kimiminika hugandisha jicho.

Sasa wewe ambaye umeshajaziwa gesi ya kupikia. Zima AC na usiiwashe tena, feni pia iache. Egesha nje, mbali na shimo au mtaro, fungua milango yote miwili hewa ipite. Ukisikia harufu ya gesi ya jikoni kebini au kwenye matundu ya hewa, toka, usiguse swichi yoyote, subiri mpaka harufu iishe kabisa. Usitegemee pua peke yake, kwani gesi za jamii hiyo zinazouzwa kama vipozeo zinaweza kukosa harufu kabisa. Bandika karatasi kwenye kompresa na kwenye dashibodi: GESI INAYOWAKA. Karatasi hiyo ni kwa ajili ya fundi atakayefuata, ambaye asipojua ataunga mashine yake ya umeme ya kunyonyea gesi akidhani ni R-134a, na kuwasha moto gereji nzima.

Kuitoa si kazi ya dereva. Inatolewa uwanjani, pasipo moto wala umeme wa karibu, na fundi mwenye vifaa vya gesi zinazowaka. Mfumo unasafishwa kwa naitrojeni, draya inatupwa, kisha unavutwa vakyumu na kujazwa upya kwa mizani. Lakini kama ulijaziwa kutoka mtungi wa R-134a unaoutilia shaka kuwa bandia, sheria ni nyingine: usiruhusu mtu yeyote alegeze hata nati moja. Acha mfumo umefungwa, mpaka gesi ipimwe kwa mashine na mtu anayejua R-40 ni nini. Yaliyowaua wale wa makontena yalianza kwa kufungua.

Wenye malori, ombi langu ni kwenu kuliko kwa madereva, kwa sababu ninyi ndio mnaolipa na ndio mnaosema “tafuta fundi wa bei nafuu”. Kama hamna fedha ya kutengeneza kiyoyozi mwezi huu, kifungeni kabisa, vioo vishushwe, dereva asafiri na joto lake. Na kabla lori halijaondoka kesho, mpigieni simu fundi aliyejaza mara ya mwisho, mkamuulize jambo moja: ulitoa gesi kwenye mtungi gani? Akishindwa kujibu, lori lisitoke.